Kamba Kiunoni mwa Meneja

"Mpira ni wa watu wa kujionyesha," meneja wetu alisema, akijifunga ncha ya kamba kiunoni na kukaza fundo. "Kamba inaonyesha nani ni mtu wa umoja."

Ilikuwa siku ya michezo ya kiwanda chetu cha maziwa, hapa Kiplombe. Upande wa pili walisimama madereva wa malori. Katikati yetu, tope tupu.

Mbele yangu hakukuwa na Nekesa, mwenzetu wa kazini. Meneja alimfuta kazi kwa kwenda kumzika mwanawe. "Kazi haingoji matanga," alimwambia.

Filimbi ikalia. Tukavuta hadi viganja vikachubuka. Nyuma yetu meneja alifoka, "Pamoja! Pamoja!"

Nikakohoa, vile tulivyokuwa tumepatana.

Tukaiachilia kamba, sote pamoja.