Nyasi za Naliaka

Shemeji yake alikuja na viatu vilivyong'arishwa, akasimama mbele ya nyumba, pale hasa ambapo Naliaka alitaka kupanda shina la nyasi linalofuata.

Tangu wamzike mumewe, shemeji huyu alikuwa akimtaka auze nyumba hii ya mjini Witeithie, arudi kwao Bungoma. Juma lililopita alikuja akakata paipu ya maji, akidhani kiu itamfukuza.

"Unapanda nyasi na huna maji?"

"Hii ni nyasi ya pemba," Naliaka alisema. "Ikishashika na hii mvua ya Novemba, jua haliiwezi. Hata kukatwa haitaki kila wiki."

"Nilikuambia mnunuzi anakuja kesho."

"Atanikuta."

"Shemeji, usinilazimishe kuita wazee wa ukoo."

Naliaka hakuinuka. Udongo mwekundu ulikuwa umemjaa kwenye kucha na kuifunika pete ya ndoa. Alichukua shina lenye mizizi, akalishika mbele ya kiatu kile.

"Sogeza mguu, shemeji."

Akangoja bila kumtazama usoni, mpaka kiatu kikarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili.

Akachimba.