Alama za Vidole

Kwa siku mbili Sikudhani aliisubiri saa ya kutazama wagonjwa, maneno yake ameshayapanga kichwani. Wifi yake, Mwajabu, alipoingia wodini na chupa ya uji, Sikudhani hakumkaribisha kiti. Alimgeukia daktari aliyesimama kando ya kitanda cha mtoto.

"Daktari, rudia ulichoniambia, na huyu asikie. Ndiye aliyenishtaki kwa mjumbe wa mtaa kwamba nampiga mtoto kwa sababu sikumzaa."

Daktari alisita, kisha akasema taratibu, "Ni saratani ya damu. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, na humo zimejaa chembe mbovu, zimezisonga zile za kugandisha damu. Mtoto huyu anavilia damu hata akishikwa kidogo tu. Hajapigwa."

Mwajabu akaitua chupa sakafuni. "Wifi, mimi sikujua."

"Hukujua, na hukuuliza. Njoo hapa."

Sikudhani akapandisha mkono wa gauni la mtoto. Juu ya kiwiko palikuwa na alama tano za zambarau. Zilikuwa za juzi, siku Mwajabu alipomvuta mtoto huyo kumtoa kwa Sikudhani, mama yake wa kambo, majirani wote wakitazama.

"Weka vidole vyako hapo. Usibonyeze. Nataka uone vinavyolingana na alama."

Mwajabu akanyoosha mkono. Kidole cha kwanza kikakaa penye alama yake, kisha cha pili. Mtoto akafumbua macho.

"Shangazi," akasema, "umekuja kunichukua tena?"

Vidole vitatu vikabaki hewani.