Ikipoa Inazimika

Taa nyekundu ya oili iliwaka kila injini ilipopata moto, na ilizimika kila mume alipofika kuitazama.

Mara ya kwanza mke alikuwa akipeleka sare za shule, kazi ya cherehani zake mwenyewe. Alipomaliza kupanda mlima, taa ikamkodolea macho. Akasimama, akampigia simu mumewe. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kuwa mwenyewe alitaka aitwe hivyo, alifika baada ya saa nzima, amebebwa na mdogo wake kwenye pikipiki. Akawasha gari. Hakuna taa.

"Iko wapi?"

"Ilikuwa inawaka, mume wangu. Haki ya Mungu."

"Imeniona mimi ikaona haya, siyo?"

Mdogo mtu akacheka mpaka akaegemea boneti.

Mara ya pili ikawa vilevile. Siku hiyo ndipo Injinia alipompa jina: Mama Taa. Jioni jina likawa limefika dukani, na kabla wiki haijaisha hata wateja wa sare walikuwa wakimwita hivyo, meno nje.

Mke akaenda kwa fundi wa magari, mzee mtaratibu mwenye kucha nyeusi.

"Huoti, mwanangu," fundi akamwambia. "Oili ikiwa baridi ni nzito, presha inakaa juu. Ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji, na pampu yako imechoka. Presha inashuka, taa inawaka. Sasa wewe unasimama kumsubiri mzee, oili inapoa, inakuwa nzito tena. Akifika anakuta gari zima. Lakini ikiwaka, simama. Usiendelee hata hatua moja, utaua injini."

Injinia alipoelezwa hayo akapiga meza. "Sina pesa ya kumlipa fundi atibu mzimu!"

Mara ya tatu ilikuwa njia panda, mchana kweupe, watu wamejaa. Injinia akageuza ufunguo, dashibodi ikawa safi. Akamshika mkewe bega, akamsimamisha mbele ya gari.

"Umelisingizia mara tatu. Liombe msamaha."

Watu wakaangua kicheko.

"Samahani, gari," akasema mke.

"Sauti!"

Akarudia kwa sauti. Injinia akamteremshia furushi la sare miguuni, akaondoka na gari. Mke akarudi nyumbani kwa miguu, furushi kichwani.

Jumamosi iliyofuata Injinia aliamkia kwa mdogo wake, kutazama mpira. Mke akatoka na gari asubuhi, akarudi jioni. Akamkuta mezani anakula.

"Vipi, Mama Taa, leo limekusumbua?"

"Leo halikunisumbua."

"Unaona? Ukiacha kuota, gari linapona."

Akaendelea kutafuna. Hakugundua kuwa pale dirishani, palipokuwa na cherehani mbili, sasa ilikuwa moja.

Jumatano mchana kifua kikambana Injinia. Daktari alikuwa amewaonya wote wawili mwaka uliopita: kikibana tena, afikishwe hospitali ndani ya nusu saa. Akichelewa zaidi ya hapo, asilaumiwe mtu. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini, ng'ambo ya mlima. Mke akamlaza kiti cha nyuma, akawasha gari, akaondoka mbio.

Juu ya mlima akapunguza mwendo, akaweka gari kando, akazima injini.

"Nini?" Injinia akauliza.

"Taa."

"Endesha!"

"Fundi alisema nisiendelee hata hatua moja. Tukiua injini hatufiki kabisa. Ngoja ipoe."

Injinia alikuwa chali. Alichoweza kuona ni dari ya gari na kisogo cha mkewe.

Mke akashuka, akafungua boneti, akampigia simu shemeji yake. Lori likaja, likapunguza mwendo. Akalipungia mkono, likapita.

"Nakuomba," sauti ikatoka ndani. "Mke wangu, nakuomba."

Akaja akainama dirishani. "Usiniombe mimi. Liombe gari."

Kwa pumzi ya mtu aliyekimbizwa: "Samahani... gari."

"Sauti."

Shemeji alifika baada ya dakika arobaini. Akamgusa kaka yake shingoni, akakaa chini barabarani kama aliyekatwa miguu. Baadaye akainuka, akageuza ufunguo. Injini ikaitika mara moja. Dashibodi safi.

Mjane akafungua kinywa. Shemeji akamshika mikono yote miwili.

"Usijieleze, shemeji. Tulikucheka, kumbe ulikuwa unasema kweli. Ndivyo ilivyo hiyo taa. Ikipoa inazimika."

Hayo hayo akawaeleza polisi, na hayo hayo akayarudia msibani mbele ya watu wote, machozi yakimtoka. Hakuna aliyemwita tena Mama Taa.

Wageni walipokwisha kuondoka, mjane akajifungia chumbani. Akatoa karatasi ya fundi kwenye kopo la vifungo, akaisoma mara moja tu, kiberiti mkononi:

Jumamosi. Pampu mpya ya oili, elfu hamsini na tano. Filta, elfu nne. Oili lita nne, elfu ishirini. Ufundi, elfu kumi na tano. Gari limepandishwa mlima mara tano, injini moto: taa haiwaki. Jumla elfu tisini na nne. Imelipwa yote.