Mashine Iliyojua Kuamkia

Sheria inataka kila benki ichukue kijana mmoja kutoka kila wilaya kwa mafunzo ya kazi, naye aifundishe mashine ya simu namna watu wa kwao wanavyozungumza. Mimi nilitoka Pangani, na mashine yenyewe ilinichosha. Ikimpigia mteja, inarukia mkopo.

"Kwetu mtu haanzi na shida yake," niliiambia. "Toa shikamoo. Uliza goti linaendeleaje, kama kuku wametaga. Kisha nyamaza."

"Ninyamaze sekunde ngapi?"

"Mpaka amalize."

Baada ya miezi mitatu ilishika vizuri hata mimi nikaajiriwa. Jumamosi nikaenda nyumbani kupeleka habari. Nilimkuta mama barazani, simu sikioni, anacheka. Nikampita hadi jikoni, nikafunua sufuria, nikarudi na sahani ya kiporo.

"Mama, nani huyo?" nilimwuliza alipokata simu.

"Wa benki. Siku hizi hunipigia kila asubuhi. Tumezungumza goti, tumezungumza kuku, wala hana haraka." Akanitazama ninavyotafuna. "Shikamoo yake kaitoa kabla sijasema haloo. Yako bado naisubiri."