Kopo la Chumvi

Mashavu alimchambua kuku wa kuchemsha, akamchanganya na wali bokoboko, akampakulia paka wake, anayeharisha mwaka wa pili sasa. Paka akanusa tu, akajiendea zake uvunguni. Chakula kilichobaki akamwandalia mdogo wake aliyekuja kumtembelea.

"Dada, umesahau chumvi."

"Sijasahau. Tumbo lake haliiwezi, nami sina nguvu za kupika mara mbili."

"Kwa hiyo siku zote unakula cha paka?"

Mashavu akajizoazoa, akaleta kopo la chumvi. Ilikuwa imeganda kama jiwe. Akaigonga kwa kijiko, akapumzika, akagonga tena. Paka akatoka uvunguni mbio akidhani kagongewa sahani, akaketi miguuni pa Mashavu, akamkodolea macho. Kijiko kikabaki juu, chumvi bado jiwe.