Chagua Wewe, Mama

Siku ya kwanza ya likizo yao ughaibuni, Gervas alisimamisha gari kati ya hoteli na nyumba ya wageni iliyotazamana nayo, akamgeukia mama yake.

"Hotelini kuna lifti na bwawa. Hapa ni kwa mama mmoja, anakulaza na asubuhi anakupikia chai. Chagua wewe, mama."

Bi Tabitha alifurahi kuulizwa. Tangu afiwe na mumewe, watoto ndio waliomwamulia hata cha kuvaa kanisani.

"Hapa," alisema. "Hotelini hakuna mwenyeji."

"Basi umechagua mwenyewe."

Gervas aliingiza masanduku, akazungumza kwa muda mrefu na mwenye nyumba kwa lugha ya kule. Mama yake akamuuliza anasemaje.

"Anauliza kama unatumia chumvi."

Asubuhi meza ilikuwa na sahani moja. Kwa kuwa hawakusikilizana lugha, Bi Tabitha alitaja jina la mwanawe na kuonyesha kiti kitupu. Mwenye nyumba akainua kiganja polepole hadi juu ya kichwa, kama ndege inayopaa.

Bi Tabitha akanyoosha vidole viwili, kisha vitatu. Siku ngapi?

Mwenye nyumba alitabasamu kwa upole. Aliitungua kalenda ukutani, akaiweka kando ya yai la mgeni wake na kufunua mwezi baada ya mwezi. Alipofika Desemba, alirudi Januari, akaanza kufunua tena.