Kati ya Ghorofa ya Tatu na ya Nne

Lifti ilipokwama, mbwa alikaa.

Hakubweka wala hakunguruma. Alikunja miguu ya nyuma, akaelekeza pua kwenye begi jeusi miguuni pa mzee mwenye koti, kisha akageuka kumtazama askari wake. Mbwa wa mabomu hafundishwi kupiga kelele. Akinusa baruti anakaa, basi, na aliyeshika kamba ndiye anayejua maana yake.

Askari aliikaza kamba. Ndani ya kile kisanduku cha bati walikuwa yeye, mbwa, mzee yule, na dada mmoja, karani wa mahakama, aliyekumbatia mafaili. Wiki nzima mtu asiyejulikana alikuwa akipiga simu kutishia kulipua mahakama, na kila asubuhi askari na mbwa walikagua jengo lote. Leo ilibaki ghorofa ya nne tu.

"Shwari, tafuta," alinong'ona, ili ahakikishe.

Mbwa alizunguka, akanusa tena, akakaa palepale. Walikuwa pamoja mwaka wa tatu sasa. Shwari alipougua, askari alilala bandani naye siku nne akimlisha kwa mkono. Pua ile aliiamini kuliko macho yake mwenyewe.

Mzee alikuwa ameloa jasho, midomo ikimchezacheza kama anayesali. Mkono wake ukaanza kushuka kuelekea zipu ya begi.

"Mzee, mikono yako niione."

"Afande, niache nifungue kidogo tu."

"Usiguse."

"Mara moja, mwanangu. Nikishika tu, yameisha."

Karani alijibana kwenye kona. "Kaka, anasema nini huyu?"

"Dada, geukia ukutani." Askari alimshika mzee vifundo vya mikono, akambana kwa bega, kisha akapaza sauti kwenye upenyo wa mlango. "Mbwa amekaa! Kuna begi humu!"

Kutoka nje sauti ya mkubwa wake ikajibu, "Mafundi wanakuja. Asiliguse hilo begi, umesikia? Kwa hali yoyote ile."

Mzee alijitupa mbele kwa nguvu ambazo askari hakuzitegemea. Wakagonga ukuta, lifti ikatikisika, karani akaanza kulia. Askari alimkandamiza mpaka viganja vyake mwenyewe vikauma.

"Una watoto wewe?" mzee aliuliza, sauti ikikatika.

Askari alikuwa nao wawili, na hapo ndipo alipozidi kukaza mikono.

Baadaye mzee akalegea, akateleza ukutani taratibu mpaka sakafuni. Shwari alisogea akamwekea kichwa gotini. Askari akamvuta mbwa kwa kamba. Chuoni waliambiwa wazi: anayetaka kujilipua hujifanya amekata tamaa, ukimwachia tu, umekwisha. Kwa hiyo hakumwachia. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, akasikiliza nyundo za mafundi huko juu, macho yakiwa kwenye zipu.

Zilipita dakika ishirini kabla mlango haujabanduliwa kwa mtaimbo. Karani alitolewa wa kwanza. Alipompita askari alimgusa bega.

"Umetuokoa, kaka," alisema.

Mzee alibebwa hadi koridoni kwa daktari, mbwa akatolewa, na mtaalamu wa mabomu akaingia na vazi lake zito. Alilifungua begi kama anayemvua mtoto nguo asimwamshe. Miwani. Hati ya kiwanja iliyokunjwa mara nne. Kichupa kidogo kisichozidi kidole gumba. Hicho alikisoma mara mbili, kisha akavua kofia ya chuma.

"Bomu hakuna," alimwambia askari. "Ni vidonge vya moyo, vya kuweka chini ya ulimi mtu akibanwa kifua. Vina kemikali ileile ya baruti."

Koridoni, daktari alikuwa ameshaondoa mikono kifuani mwa mzee, akitazama saa.